Somo la 14: Habari za Kujiua, na Namna ya Kuzisema

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo ya watu wazima, Mtwara na mlango wa Ruvuma)

 Nawasalimu ninyi mlio mjini Mtwara na Mikindani, ninyi wa Msimbati, Madimba na Kilambo, na ninyi mlioko bondeni kando ya mto Ruvuma. Walimu wa madarasa, shikeni chaki. Wanafunzi, fungueni madaftari yenu.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma gazeti. Tulisema gazeti lina vichwa vya habari, lina picha, na lina maelezo. Tulisema pia kwamba kichwa cha habari huandikwa kwa herufi kubwa ili kivute jicho la mnunuzi. Leo tutatumia elimu hiyo katika jambo zito. Tutazungumza juu ya habari za watu wanaojiua: jinsi zinavyoandikwa magazetini, zinavyosemwa redioni, na jinsi sisi wenyewe tunavyozipeleka kwa simu na kwa mdomo.

Huenda darasani humo yumo mtu aliyefiwa kwa njia hiyo. Ndugu huyo tunampa pole. Akiona mazungumzo yanamwelemea, na atoke nje apunge upepo, na jirani yake amfuate, asimwache peke yake.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720,000 hujiua duniani. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Basi hili si jambo la mji mmoja wala la taifa moja. Ni jambo la binadamu.

Walimu, andikeni ubaoni maneno matatu: SABABU. KABILA. TUMAINI.

(Kituo kifupi. Wanafunzi wayasome maneno hayo pamoja, kisha wayaandike.)

1. SABABU

Tuchukue mfano wa kutunga. Tuseme gazeti limeandika hivi: MKULIMA AJIUA KISA DENI LA KOROSHO. Yahesabuni maneno hayo. Ni sita tu. Katika maneno sita gazeti limekwisha kutuambia nani, amefanya nini, na kwa nini. Je, yawezekana kuyaeleza maisha ya mtu kwa maneno sita?

Ninyi wakulima mnajua. Nani kati yenu hajapata kudaiwa? Mtu hukopa dawa ya salfa ya kupulizia mikorosho, hukopa ada ya mtoto, akangoja malipo ya mnada. Malipo yakichelewa, mwenye duka hubisha hodi. Waliodaiwa ni wengi, na wako hai. Basi deni peke yake halitoshi kueleza kifo hicho. Huenda mtu huyo alikuwa na ugonjwa wa sonona kwa miezi mingi, na hakuna aliyemtambua. Huenda alifiwa. Huenda pombe ilikuwa imemtawala. Huenda alikuwa na maumivu ya mwili yasiyopoa. Huenda alikuwa na mengi kifuani na hakuwa na wa kumwambia. Mkeka husukwa kwa ukindu mwingi; mwandishi wa kichwa kile amechomoa ukindu mmoja akatuambia, "Huu ndio mkeka."

Ubaya wake ni huu. Mtu mwingine mwenye deni, aliyekata tamaa, asomapo maneno hayo hujiona yeye mwenyewe. Kichwa cha habari kinamwonyesha kana kwamba deni lina njia moja tu ya kutokea. Hakimwambii kwamba deni huzungumzwa, huahirishwa, hulipwa kidogo kidogo. Hakimwambii kwamba huzuni hutibiwa.

2. KABILA

Sasa tuje kwenye neno la pili. Bila shaka mmesikia ule mzaha unaosemwa nchini kwamba Wahehe wa Iringa ni wepesi wa kujiua. Watu huusema katika utani, vijiweni na katika mabasi. Habari ya kifo cha namna hiyo ikitoka nyanda za juu, wako wanaocheka na kusema, "Ndiyo kawaida yao." Hebu tuuchunguze mzaha huo.

Wengi huutia nguvu kwa kumtaja Mtemi Mkwawa. Mkwawa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka ngome yake ya Kalenga, naye akaendelea kupigana porini kwa miaka karibu minne. Mwezi Julai 1898, alipozingirwa pale Mlambalasi, akiwa amechoka na mgonjwa, alijiua asikamatwe. Wajerumani walikichukua kichwa chake. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa mwaka 1954, nalo limewekwa Kalenga.

Hiyo ni habari ya mfalme mmoja katika vita vya kuigombea nchi yake. Haituambii lolote juu ya kijana wa leo wa Iringa aliyelemewa na sonona, wala juu ya mama aliyefiwa na mtoto. Lakini mzaha umeichukua habari ya mtu mmoja ukaifanya kuwa damu ya kabila zima.

Mzaha huo una madhara mawili. La kwanza, unafunga mlango wa uchunguzi. Tukisema "ni kawaida yao," hatuulizi tena kama palikuwa na ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, ulevi au umaskini. Hatuulizi kama zahanati ilikuwa karibu. La pili, unamfundisha kijana wa kabila hilo kwamba jambo hili ni urithi wake. Anapopatwa na dhiki, sauti ya mzaha inamnong'oneza kwamba watu wake hufanya hivyo. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Sisi watu wa Kusini tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wazee wa Kimakonde waliochanjwa nembo usoni walichekwa walipofika miji mikubwa. Vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda kuuza bidhaa mkononi Dar es Salaam, na jina la Wamachinga, ambalo ni jina la watu, likawa jina la kila mchuuzi wa barabarani. Basi twajua jinsi mtu anavyojisikia watu wengine wanapomsimulia, naye hakuulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena Waafrika wote kwa jumla walisimuliwa hivyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari mmoja, J. C. Carothers, aliyekuwa amefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, kana kwamba Mwafrika hana moyo wa kuhuzunika kwa kina. Miaka saba baadaye, mwaka 1960, wataalamu waliokaa vijijini Uganda na Kenya, miongoni mwa Wasoga, Wagisu, Waluhya, Wajaluo na wengineo, walitoa kitabu kilichokusanywa na Paul Bohannan. Walionyesha kwamba watu wa huku walikuwa wakijiua pia, na kwamba nyuma ya vifo hivyo palikuwa na ugomvi wa ndoa, maradhi, fedheha na msiba, kama ilivyo kwa binadamu wengine.

Basi, ndugu zangu, tazameni. Msimulizi mmoja asema, "Watu hawa hawajiui, hawana huzuni." Mwingine asema, "Watu hawa hujiua, ni desturi yao." Maneno yanapingana, lakini kosa ni moja. Wote wawili wamelitazama kabila, hawakumtazama mtu.

(Kituo. Mwalimu aulize: Ni mzaha gani unaosemwa juu ya watu wa kwetu? Unatuuma wapi?)

Je, mambo haya yako kwetu tu? Hapana. Sasa tuvuke bahari, twende kwa wenyeji wa asili wa Amerika. Ninasema wenyeji wa asili kwa maana ya watu waliokuwako katika nchi kabla ya wageni kuitwaa ardhi yao.

Huko Brazil, katika jimbo la Mato Grosso do Sul, wako watu waitwao Guarani-Kaiowá. Ardhi yao kubwa imegeuka kuwa mashamba ya ng'ombe, miwa na soya ya watu wengine. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi vijana wao wengi wamejiua. Mwezi Oktoba 2012 kikundi chao kimoja, mahali paitwapo Pyelito Kue, kiliamriwa na mahakama kiondoke. Watu hao 170, wanaume, wanawake na watoto, waliandika barua. Walisema hawatatoka katika ardhi walimozikwa babu zao. Kama serikali yataka kuwatoa, basi na iamuru wafie hapo na wazikwe hapo wote.

Barua ile ilienea duniani kwa siku chache. Lakini ilienea na maneno mengine juu yake: kwamba watu 170 wametangaza kujiua pamoja. Wenyewe hawakusema hivyo. Shirika la kanisa lililofanya kazi nao, CIMI, lililazimika kueleza kwamba walisema juu ya kufa wakiitetea ardhi, si juu ya kujiua. Mwisho wa mwezi ule mahakama ya juu iliisimamisha amri ya kuwatoa.

Oneni tofauti iliyopo. Mtu asemaye, "Sitaondoka kwetu hata kama nitakufa," anasema juu ya haki yake. Msimulizi akibadili maneno hayo kuwa "Wanataka kujiua," msomaji huwahurumia watu wale, lakini huisahau ardhi. Shina la jambo limefukiwa.

Sasa twende Kanada, katika jimbo la British Columbia. Magazeti ya Kanada yamezoea kuandika kwamba wenyeji wa asili hujiua kwa wingi, kana kwamba wote wako sawa. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walitoa uchunguzi juu ya jamii karibu 200 za wenyeji wa jimbo hilo. Hawakuchukua hesabu moja ya jumla. Walikwenda jamii baada ya jamii. Wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka waliyoichunguza. Vifo vilikuwa vimekusanyika katika jamii chache.

Wakauliza, jamii zilizosalimika zina nini? Wakaona mambo sita: kujitawala, kudai ardhi yao, kusimamia shule zao, kusimamia huduma za afya, kuwa na nyumba za kutunzia desturi zao, na kuwa na polisi na zimamoto wao wenyewe. Kadiri jamii ilivyokuwa na mambo hayo, ndivyo vifo vya vijana vilivyopungua. Zile zilizokuwa na yote sita hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo katika miaka ile.

Hapo ndipo kiini cha somo hili. Wote waliitwa kwa jina moja la wenyeji, lakini hali zao zilikuwa mbalimbali. Gazeti lililosema "wenyeji hujiua" lilificha habari iliyo kubwa zaidi: kwamba wengi wao wanaishi vizuri, na kwamba sababu za kuishi kwao vizuri zaweza kujulikana na kuigwa.

Hata huku kwetu zipo habari zinazokomea njiani. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma, upande wa Msumbiji, ulishambuliwa, na watu wakakimbia. Habari huhesabu nyumba zilizochomwa, na ni haki zihesabiwe. Lakini mtu huenda akajenga nyumba upya na bado usiku akashtuka kwa kila kishindo. Afya ya moyo nayo ni habari, nayo hudai matibabu.

3. TUMAINI

Tumefika neno la tatu. Je, namna ya kusimulia yaweza kweli kuokoa watu? Yaweza, na ushahidi upo.

Katika mji wa Vienna, Austria, treni za chini ya ardhi zilianza mwaka 1978. Miaka michache baadaye idadi ya watu waliojiua katika njia hizo iliongezeka, na magazeti yakawa yanaziandika habari hizo kwa vichwa vikubwa, yakieleza kila kitu. Mwaka 1987 wataalamu waliwaandikia wahariri maelekezo: punguzeni makeke, msieleze namna ilivyofanyika, msiweke habari hiyo ukurasa wa mbele. Magazeti yalikubali. Katika nusu ya pili ya mwaka ule ule matukio hayo yalipungua kwa zaidi ya robo tatu. Treni zilikuwa zile zile, na mji ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maneno.

Mwaka 2010 wataalamu wa mji huo huo walionyesha upande wa pili. Habari za watu waliokata tamaa, kisha wakapata msaada wakaendelea kuishi, zilionekana kuwakinga wengine. Basi simulizi yaweza kuvuta mtu shimoni, na simulizi yaweza kumwinua.

Tangu mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani limetoa maelekezo kwa waandishi wa habari. Nasi sote leo ni waandishi, kwa kuwa kila mwenye simu anatangaza. Nitayasema kwa maneno yetu. Andikeni polepole.

(a) Usieleze namna mtu alivyojiua, wala mahali.

(b) Usitume picha ya marehemu, wala barua yake.

(c) Usitaje sababu moja. Sema, "Hatujui yote yaliyokuwa moyoni mwake."

(d) Usiseme "amejiua kwa kuwa ni wa kabila fulani."

(e) Usimfanye shujaa, wala usimtukane. Usiseme "amepumzika na shida," maana mwenye shida anakusikia.

(f) Kila mara sema msaada unapatikana wapi.

Msibani nako yatupasa kuangalia. Mahali pengi wafiwa wa kifo cha namna hii huachwa peke yao. Watu hawaji kukaa matanga, au huja ili wapeleleze. Wafiwa hao wana majonzi na fedheha pamoja, nao wamo hatarini. Waendeeni. Wapelekeeni maji na chakula kama mnavyofanya kwa msiba wowote. Msiwaulize, "Alifanyaje?" Waulizeni, "Tuwasaidie nini?"

Na kama jirani yako ameanza kujitenga, halali, hali, anagawa vitu vyake, au anasema "heri nisingekuwapo," usiogope kumwuliza waziwazi: "Ndugu yangu, je, unafikiri kujiua?" Watu wengi hudhani swali hilo litamtia wazo. Sivyo. Swali lililoulizwa kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Msikilize, usimhubirie wala usimkaripie. Usimwache peke yake. Mpeleke zahanati, au hospitali ya mkoa ya Ligula. Mwambie mganga wa zamu kama vile ungemweleza juu ya malaria. Sonona ni ugonjwa, nayo ina tiba. Kwa mtoto aliye katika dhiki, ipo namba ya simu 116, haina malipo.

Jambo jingine kwa wakulima: dawa za shambani zifungieni ndani, ufunguo ashike mtu mmoja. Dhiki kali mara nyingi hupita baada ya saa chache, na kufuli humpa mtu saa hizo. Nchi ya Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za shamba zilizokuwa kali mno, na kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua huko kwa karibu asilimia 70. Wakulima waliendelea kulima.

Neno la mwisho ni juu ya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, kilichotoka wakati wa Waingereza, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Kwetu, hofu ya kifungu hicho isimfanye mtu yeyote amfiche mgonjwa ndani. Aliyenusurika anahitaji mganga kwanza, tena upesi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Someni tena kichwa cha habari cha mfano wetu. Kiandikeni upya ili kisimdhuru msomaji. Je, ni lazima kiandikwe?

2. Mkipokea kwa simu picha ya mtu aliyejiua, mtafanya nini? Mtamwambia nini aliyeituma?

3. Jamii za Kanada zilizosalimika zilikuwa na mambo sita. Kijijini kwetu tunayo yapi? Tunakosa yapi?

4. Nani katika kijiji chetu aweza kusikiliza bila kusema siri za watu? Mtajeni kila mmoja moyoni mwake, kisha afikiri: je, mimi naweza kuwa mtu huyo?

KAZI YA KUANDIKA

Andika sentensi tatu ambazo ungemwambia rafiki aliyekata tamaa. Usitumie neno la kumlaumu. Mwalimu asizisome kwa sauti ila kwa ruhusa ya mwandishi.

Ndugu wanakisomo, mlijifunza kusoma ili msidanganywe kwenye mizani na katika stakabadhi ya korosho. Leo mmejifunza kulisoma neno lenye hatari kuliko mizani. Mkiona habari inasema juu ya watu fulani kwamba kufa ndiyo desturi yao, iulizeni: watu hao waliulizwa? Na walio hai, wengi wao, wanaishije? Katika juma lijalo tutajifunza kuandika barua ya maombi kwa serikali ya kijiji. Hadi hapo, tazamaneni vema. Kwa herini.